Abiria wa Kwenda Nyumbani

Simu iliita Jumapili mchana, kama kawaida yake, na binti akaiwahi kabla bibi yake hajanyoosha mkono.

"Halo, baba! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Bibi mzima? Haya, nipe mama yako."

Binti alimtazama mama yake. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono ameibana katikati ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye usaili. Binti akabonyeza spika na kuilaza simu mezani.

"Yupo hapa, baba. Anakusikia."

"Anisikie mimi wa nini? Mimi ndiye ninayetaka kumsikia yeye. We Kinanda! Hebu nitangazie."

Kinanda ni jina alilopewa kazini, kwenye kituo kikuu cha mabasi, ambako sauti yake ndiyo iliyotoka kwenye vipaza sauti kuanzia alfajiri ikiwaita abiria na kuwaambia gari gani linaondoka na lipi limechelewa. Nusu ya mji waliijua sauti ile na hawakuijua sura yake. Angeweza kusimama nyuma yao dukani ananunua sabuni, wasigeuke. Mumewe naye alikuwa nchi ya mbali, anaendesha winchi bandarini kwa mkataba, na simu ya Jumapili ndiyo iliyokuwa ndoa yao. Kila Jumapili ilianza kwa mzaha uleule. Mke hutoa ile sauti yake ya kazini na kusema, "Abiria wa kwenda nyumbani, abiria wa kwenda nyumbani, tafadhali jongea, gari lako liko tayari." Na mume, popote alipo, hupaza sauti kama mtu anayekimbia na mizigo: "Nipo! Msiniache!" Ndipo waanze kujuliana hali.

Sasa Kinanda aliinamia simu, akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa upepo, na ndani ya upepo huo mkwaruzo kama wa kiatu kinachoburuzwa mchangani.

"Halo? Halo? Mtandao gani huu?"

Bibi, mama mkwe wa Kinanda, aliidaka simu. "Mwanangu, mkeo ametoka kidogo."

"Si mtoto kasema yupo?"

"Alikuwepo. Katoka."

Huko kwa mume zilisikika honi za bandarini na watu wakiitana kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua katika chumba kile.

"Mama, amenuna? Jumapili iliyopita ilikuwa hivihivi. Kama nimemkosea, mwambie aniambie tu."

"Nani anune? Wewe fanya kazi, baba. Ukipanda juu huko tazama unapokanyaga."

Alipokata simu, binti alimkabili. "Bibi, kwa nini unamdanganya?"

"Yuko juu ya winchi, huko kwenye mawingu. Nimwambie mkewe kawa bubu, apate kizunguzungu aanguke? Utakuja kunizalia mtoto mwingine wewe?"

Kinanda aliinuka akaingia chumbani. Hakuna aliyemsikia akilia, kwa kuwa hata kilio kinahitaji sauti.

Daktari wa mtaa alikuwa ameitibu familia ile miaka mingi. Ndiye aliyetibu surua ya binti, ndiye anayepima presha ya bibi na kugombana naye juu ya chumvi. Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mgonjwa aliye upande huu alijua habari zote za mgonjwa wa upande ule. Alikuwa ameshampa Kinanda dawa za kusukutua, vidonge, hata amri ya kukaa kimya, na sauti haikurudi.

"Hii siyo mafua tena," alisema, akizima tochi. "Kuna kitu kwenye nyuzi za sauti. Lazima koo litazamwe kwa kamera. Mimi hapa nina tochi na kijiti tu."

"Daktari, usituzungushe," mama mkwe alisema. "Ndiyo huo ugonjwa mbaya?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana nataka atazamwe na mtu atakayejua."

Akavuta karatasi ya rufaa. Kuna muda mfupi, baada ya daktari kushika kalamu na kabla hajaandika jina la bingwa, ambao mgonjwa hauoni. Hakuna aliyewahi kumfundisha daktari huyu namna ya kuupitia muda ule, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini ndani yake. Alikuwa na mabingwa watatu wa koo kichwani. Wa kwanza ni Profesa wa hospitali kuu, aliyemfundisha yeye mwenyewe chuoni. Wa pili ni yule wa hospitali ya vioo, anayewatumia madaktari wa mitaani kalenda nzuri na keki kila mwisho wa mwaka. Wa tatu alikuwa mwanamke, kijana bado, katika hospitali ndogo ng'ambo ya reli. Kalamu ilikwenda kwa huyo wa tatu.

Mama mkwe alivaa miwani yake, akaisogeza karatasi dirishani. "Nani huyu?"

"Bingwa wa masikio, pua na koo. Yuko ng'ambo ya reli."

"Ng'ambo ya reli? Pale wanapopelekwa walioanguka na baiskeli?"

"Ndipo hapohapo, mama."

"Na Profesa? Yule anayezungumza redioni?"

"Yupo hospitali kuu. Lakini huyu..."

"Sasa sisi kwa nini tupelekwe kwa mtoto? Kwa kuwa tumekuja na kandambili?" Alivua miwani. "Au ndiyo yale tunayoyasikia, daktari anampeleka mgonjwa kule anakopata chochote?"

Upande wa pili wa pazia, mtu aliyekuwa akikohoa aliacha kukohoa. Kinanda alimvuta mama mkwe mkono wa gauni, uso umemwiva kwa aibu, na hakuwa na la kusema wala cha kulisemea. Masikio ya daktari yalishika moto. Sababu alikuwa nayo, nzuri, na ingechukua dakika chache kuielezea. Lakini mtu mwadilifu akiitwa mla rushwa mbele ya pazia huona kujitetea ni aibu kubwa kuliko kunyamaza. Alichukua karatasi nyingine, akaandika jina la Profesa na mistari miwili chini yake, akagonga muhuri kwa nguvu isiyohitajika.

"Haya, mama. Profesa huyo."

"Eeh," mama mkwe alisema. "Si ungeanza hapo?"

Ukumbi wa hospitali kuu ulikuwa na mabenchi marefu, na watu walikuwa wakisogea juu yake makalio kwa makalio, kila mmoja akirithi joto la aliyemtangulia. Muuguzi alisimama mlangoni na faili mkononi.

"Wewe mama! Ndiyo, wewe! Una-si-kia?"

Kinanda aliitikia kwa kichwa.

"Na-se-ma, u-na-si-kia?"

"Hana sauti," mama mkwe alisema. "Masikio anayo."

"Basi wewe msemee, bibi, tusicheleweshane."

Profesa alikuwa na uso mpole uliochoka. Nyuma yake walisimama madaktari wanafunzi wamebanana, na nyuma yao mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo benchi zima lilikuwa likimtazama Kinanda akiwa ametoa ulimi. Profesa alikipasha moto kioo kidogo chenye mpini mrefu, akakiingiza kooni, akatazama, mgonjwa akapaliwa, akatazama tena kidogo.

"Nyuzi zimevimba. Sauti imechoka tu," aliwaambia wanafunzi. Kisha akamgeukia Kinanda. "Una watoto wangapi, mama?"

Kinanda aliinua kidole.

"Mmoja tu, na umempigia kelele kiasi hiki?"

Wanafunzi walicheka. Mama mkwe naye akacheka, kwa heshima, kwa sababu aliyetania ni Profesa. Kicheko hicho cha mwisho ndicho kilichobaki masikioni mwa Kinanda. Alitaka kusema, *ninatangaza kituoni, hii ndiyo kazi yangu*, akachezesha midomo, lakini dawa ilikuwa imeshaandikwa, ya kutuliza asidi, na aliyemfuatia alikuwa ameshakalia nusu ya kiti.

"Pumzisha sauti. Tutaonana baada ya miezi michache."

Isidhaniwe kuwa Profesa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama tangu asubuhi bila kunywa hata chai, na benchi lake halikuisha miaka na miaka. Barua aliyoletewa ilisema sauti imepotea, tafadhali mtazame, basi. Haikusema mgonjwa anafanya kazi gani, haikusema yamejaribiwa yapi. Ilikuwa barua ya mtu aliyenuna.

Njiani kurudi, mama mkwe alimsimulia kila jirani aliyekutana naye. "Profesa mwenyewe kamshika kidevu! Kwa mkono wake!"

Dawa ilinywewa, kimya kikafuatwa, na sauti haikuja. Meneja wa kituo alimwita Kinanda ofisini, akamwambia kwa upole kwamba apumzike tu, kituo kimepata njia. Fundi mitambo alikuwa amehifadhi matangazo yake ya zamani. Majina ya miji yalikuwa yaleyale, saa zilikuwa zilezile, kilichobaki ni kubonyeza.

Jumapili iliyofuata alikwenda kurudisha ufunguo wa chumba cha matangazo, na mama mkwe akamsindikiza. Walipofika katikati ya ukumbi, vipaza sauti vilikohoa, halafu Kinanda akajisikia.

"Abiria wa gari la saa nane, abiria wa gari la saa nane, tafadhali jongea mlango wa pili. Mizigo mikubwa ipite upande wa kulia."

Alisimama palepale. Sauti ilikuwa na afya tele, ilipanda mahali alipozoea kuipandisha, ikashuka kwa taratibu kwenye "tafadhali", kama mtu anayemshika mwenzake mkono kuvuka barabara. Alikumbuka hata siku aliyoyasema maneno hayo. Alikuwa na njaa, na binti alikuwa ametoka kupata matokeo mazuri ya mtihani. Mama mmoja mwenye begi alisema karibu yake, "Kinanda leo kaamka vizuri," akaongeza mwendo kuelekea mlango wa pili. Kinanda alitamani kumshika bega. Alitamani zaidi kuipigia magoti sauti ile, imrudie, imrudie, ampelekee mtu mmoja tu aliye mbali.

Na hapo simu ikaita ndani ya mkoba wa mama mkwe.

"Mwanangu! Hujambo? Sisi tupo, tumetoka kidogo..."

"Abiria waliopoteza mtoto wa kike mwenye gauni la njano," sauti ilisema juu ya vichwa vyao, "tafadhali fika ofisi ya matangazo." Fundi alikuwa amebonyeza tangazo lisilohusika.

Huko mbali mume alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefurahi kabla hajafikiri. "Si yeye huyo? Yuko kazini! Kumbe mzima!"

"Ndiyo... yaani, siyo hivyo..."

"Mama." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kumbe sauti anayo. Ya kuwaita watu wote anayo. Ya kuniita mimi ndiyo hana."

"Baba, nisikilize."

"Nimesikiliza Jumapili ngapi? Mwambie sitapiga tena. Akinihitaji, namba yangu anaijua."

Mama mkwe alibaki ameishika simu mbali na uso, kama kitu kilichomuunguza. Kinanda hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama karibu mno, na masikio, kama ilivyokwisha semwa, alikuwa nayo.

Alikwenda zahanati peke yake kesho yake, akangoja hadi mgonjwa wa mwisho atoke. Daktari alimpa kalenda ya mwaka uliopita aandike nyuma yake. Ilikuwa ile kalenda nzuri, ya hospitali ya vioo.

Aliandika: *Ingekuwa mama yako, ungempeleka kwa nani?*

Daktari aliisoma akatabasamu kwa huzuni. "Mama yangu ningempeleka kwa Profesa. Angetaka jina la kuwaringia majirani. Na nisingemshinda, kama nilivyoshindwa na mama mkwe wako." Aliivuta stuli akakaa chini ya usawa wa mgonjwa wake. "Wewe ningekupeleka ng'ambo ya reli. Nilitaka iwe hivyo tangu siku ile."

*Kwa nini?*

"Hilo swali halijawahi kuulizwa na mgonjwa wangu yeyote, unajua? Wananiuliza dawa inanywewa kabla ya kula au baada." Alisugua macho. "Mimi nikiandika rufaa ni kama nimemsindikiza mtu pale kituoni kwako. Napunga mkono, gari linaondoka. Alifika? Alipokelewa? Sijui. Wengine wanarudi baada ya mwaka kuja kupima malaria ndiyo nasikia kwamba walipasuliwa. Profesa ni mwalimu wangu, nampenda, na hajawahi kunijibu barua hata moja. Yule wa vioo hunijibu vizuri sana, kwa mashine, barua zote zinafanana. Sasa huyu mwanamke. Siku moja nilimpelekea fundi makochi mwenye kikohozi kisichosikia dawa. Jioni yake akanipigia. Nikadhani amepata jibu. Hapana, ana swali. 'Daktari, huyu fundi akiwa kazini, misumari anaishika wapi?'"

Kinanda alikunja uso.

"Hata mimi nilikunja uso hivyohivyo. Nikafunga zahanati, nikaenda karakana kwake. Vijana wake wanapigilia kochi, kila mmoja amepanga misumari midogo midomoni kama meno ya pili. Nikampigia: mdomoni, daktari. Akasema, basi mmoja ameumeza, lakini umekwenda kwenye pafu. Na ndivyo ulivyokuwa. Wengine wanapokea mgonjwa. Yeye anapokea mgonjwa halafu anauliza ametokea wapi. Tangu siku hiyo, nikiwa na mtu ninayemwogopea, kalamu inakwenda huko yenyewe. Ningelisema hili mbele ya mama mkwe wako tusingefika hapa. Nilinuna."

Kinanda aliandika, kwa herufi kubwa kidogo: *Niandikie. Safari hii usinune.*

Daktari alicheka mpaka akaondoa miwani. Kisha akaandika barua iliyojaza ukurasa na kugeuka nyuma, na mstari wake wa kwanza ulisema: Mgonjwa huyu anaishi kwa sauti yake.

Asubuhi ya safari mama mkwe alimkuta anafunga viatu.

"Unakwenda wapi? Ng'ambo ya reli?"

Kinanda aliitikia kwa kichwa, wala hakuinua macho. Mama mkwe alisimama mlangoni muda, mkono kiunoni. Jina la Profesa lilimjia mdomoni akalimeza. Alirudi ndani akatoka na mtandio.

"Ningoje basi. Nani atakusemea?"

Hospitali ile ilikuwa na ukuta uliobambuka rangi na baiskeli kadhaa zimeegeshwa nje, jambo ambalo mama mkwe aliliona na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakulitolea maneno. Bingwa alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba. Barua alikuwa ameshaisoma. Ilikuwa mezani, imepigiwa mistari. Alifunga mlango.

"Mama, najua huwezi kuongea, na sitaki ujaribu," alimwambia Kinanda. "Lakini nataka kujua ninatafuta nini. Nani hapa aliyeijua sauti yake vizuri?"

Mama mkwe alijisogeza kwenye kiti. "Mimi. Naishi naye."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa sauti tu. Nzuri."

"Nzuri vipi, mama? Nyembamba? Nzito? Jioni ilikuwa ikichoka? Hebu nisikilizishe kwa maneno."

Mama mkwe alitazama ukutani. Katika miaka yote ya ukwe wao alikuwa amemsifu mkamwana wake kwa kufua tu, na hata huko kwa masharti.

"Siyo nyembamba," alianza. "Ina... ina kama godoro chini yake. Asubuhi inakwaruza kidogo mpaka anywe maji. Nikienda kituoni siku za nyuma, hata kama sisafiri, nilikuwa nakaa tu pale. Nawaambia watu huyo ni mke wa mwanangu." Alikohoa. "Hakujua. Mtu ukiwa umechelewa, umekimbia, roho iko mkononi, ukimsikia yeye unajua gari lako halijakuacha. Hivyo ndivyo ilivyo. Mwanangu yuko mbali, daktari, na hiyo sauti ndiyo kamba iliyomfunga hapa nyumbani. Nami nimemwambia uongo, na kamba imekatika mikononi mwangu."

Kinanda alikuwa akimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alinyoosha mkono, akamshika mama mkwe vidole viwili, hakuviachia mpaka kamera ilipoanza kupita puani.

Ilikuwa nyembamba kama uzi wa kiatu. Kwenye skrini ndogo nyuzi za sauti zilionekana, nyeupe mbili zinazofunguka na kufunga, na kwenye mmoja, karibu na ukingo wake wa chini, kinyama chekundu kilichojificha kila zilipokutana.

"Kwa kioo huwezi kukiona," bingwa alisema. "Kinajificha chini. Mtu anayeongea kwa nguvu kila siku hupata hivi, lakini sitawaambia si kitu mpaka maabara iseme. Nitakitoa. Na nitasema ukweli mwingine. Sauti itarudi, hiyo naamini. Itarudi ileile? Hiyo siwezi kuahidi."

Kisha akafanya jambo ambalo mama mkwe alilisimulia baadaye mara nyingi kuliko kidevu cha Profesa. Alichukua simu yake, akampigia daktari wa mtaa palepale, mbele yao, akamweleza kila alichokiona. Mwishoni akauliza, "Na mume wake ameambiwa?"

Kwenye zahanati yenye pazia, daktari aliishika simu kwa mikono miwili. Aliyesafiri alikuwa amefika.

Usiku wa siku hiyohiyo mama mkwe alimpigia mwanawe mwenyewe, hakungoja Jumapili. Alieleza yote, tangu upepo na mkwaruzo hadi ile rekodi ya kituoni. Mume hakukatiza. Kisha aliomba simu ipelekwe karibu na mkewe, hata kama hasemi, apate kumsikia akihema. Walikaa hivyo, huku na huko, bila neno, mpaka salio likaisha.

Kinyama kilitolewa. Maabara ikasema siyo ule ugonjwa mbaya, na mama mkwe akakaa chini palepale koridoni, sakafuni, bila kujali gauni. Baada ya hapo kilifuata kimya cha amri, kisha mazoezi ya kuvuta pumzi, kisha sauti ndogo za kufunga mdomo, kama za mtu anayembembeleza mtoto. Nyumba nzima ilinong'ona kwa kumfuata. Binti alijifunza kuuliza maswali yanayojibiwa kwa kichwa.

Siku bingwa alipomruhusu aseme, Kinanda hakusema mbele ya mtu. Alijifungia chooni, akafungua maji, akalitangaza gari la saa nane. Iliyotoka ilikuwa sauti, hakuna ubishi. Lakini ilikuwa nzito, yenye vumbi, sauti ya mwanamke mwingine aliyetoka safari ndefu. Alifunga maji akasikiliza. Ile nyingine, yenye godoro chini yake, ilikuwa bado kituoni, inawaita watu, na haingerudi nyumbani.

Jumapili simu iliita. Binti aliisogeza kwa mama yake, akaondoka. Mama mkwe akaingia jikoni akaacha mlango wazi.

"Halo," Kinanda alisema.

"Halo, habari za huko?" mume alijibu kwa adabu. "Samahani, naomba kuongea na mwenye simu."

Jikoni sufuria iliwekwa chini polepole. Kinanda alifumba macho. Angeweza kusema *ni mimi*, na yeye angesema *kweli?*, na neno hilo kweli lingekaa kati yao kwa miaka. Alivuta pumzi kwa tumbo, kama alivyofundishwa, asiikaze shingo.

"Abiria wa kwenda nyumbani," alisema. Sauti ilitetemeka, ikaparuza, akaiacha iparuze. "Abiria wa kwenda nyumbani. Tafadhali..." Kwenye tafadhali iliteremka taratibu, mahali palepale ilipozoea kuteremka. "Tafadhali jongea. Gari lako liko tayari."

Huko mbali honi zililia. Winchi ilisaga. Mtu alivuta pua.

"Nipo," mume alisema, na hakupaza sauti. "Nipo, Kinanda. Msiniache."